Nilitoka fungu kwa fungu

Mtu akiniuliza nilitokaje kwa yule mwanaume huwa namwambia nilitoka na kavera, mfuko wa plastiki, na si kavera moja, ni kama tisa hivi, kwa muda wa wiki tano, na kila kavera ilirudi na nyanya. Watu wa Busia, huku mpakani mwa Uganda na Kenya, mtanielewa haraka. Sisi tumekulia mpakani, tumeona tangu utotoni vile gunia zima la sukari linavuka kwa njia za panya kilo mbili kilo mbili, mama huyu na zake, mtoto na zake, mtu wa baiskeli na zake, na jioni gunia liko upande wa pili kamili na hakuna aliyeliona likipita. Ndivyo nilivyojivusha.

Naandika kwa sababu kuna wasichana nawajua wako ndani ya nyumba kama ile sasa hivi, na kila mtu anawaambia "si utoke tu", kama vile hawajui mlango uko wapi.

Nilikutana naye mwisho wa 2016, nimemaliza S4, yaani kidato cha nne, nina miaka 18, nasaidia mama kuuza mukene, dagaa, sokoni huku nasubiri matokeo. Yeye alikuwa na 27, kazi yake ilikuwa kukimbiza makaratasi ya mizigo pale forodhani, ana pikipiki, anaongea Kiswahili kizuri cha kutuliza mtu. Alinunua mukene wa elfu kumi siku tatu mfululizo, baadaye nikaambiwa alikuwa anaugawa njiani. Akaninunulia simu, simu yangu ya kwanza ya kugusa, na laini akaisajili kwa jina lake kwa sababu kitambulisho changu cha taifa kilikuwa bado hakijatoka. Nikaona huyu ananijali. Kumbe laini ikiwa kwa jina la mtu, siku akitaka kuifunga anaifunga, na pesa iliyo ndani inabaki kwake, hayo niliyajua nimeshachelewa.

2017 nikaenda kukaa naye. Baba alipokea ng'ombe wawili na mbuzi, vingine vikabaki deni.

Sasa watu wakisikia hadithi kama hii wanataka kujua kofi la kwanza lilikuja lini. Mimi kabla ya kofi kulikuwa na kalamu. Kila asubuhi kabla ya kutoka alikuwa anachukua kalamu ya bluu anachora kamstari kadogo kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, pale pale mafuta yalipofika, na jioni hata viatu hajavua anaenda kuangalia. Alisema ni bajeti, nikasema sawa, mwanaume anayepanga. Nikajifunza kukaanga na kijiko kimoja, nachungulia ule mstari kama nesi anavyopima dawa ya mtoto. Mayai alihesabu. Salio la simu alihesabu. Dakika za kwenda bombani alihesabu, kumi na tano kwenda na kurudi, na foleni ya madumu ikiwa ndefu hiyo ni shida yangu mwenyewe. Nikaacha kusalimia watu njiani, maana salamu zetu mnazijua, mtu atakuuliza nyumbani, mtoto, wazee, mashamba, na mimi dakika zinaisha. Majirani wakaanza kusema tangu aolewe ana maringo. Nikabaki peke yangu hivyo, na hakuna siku hata moja aliyoniambia usiongee na mtu.

Kofi lilikuja mwezi wa nane, nilikuwa nimecheka na kijana wa kubadilisha pesa niliyesoma naye. Jioni ile ile akapiga magoti, akaleta chipsi na kuku na kitenge kizuri cha kijani, akalia machozi ya kweli, sijui kama nitaeleweka lakini naamini yalikuwa ya kweli, halafu akasema, "Unaona vile umenifanya nifanye." Mimi ndio nikamfuta machozi. Hayo maneno yashikeni, nitayarudia.

Nilitoka mara nne. Mara tatu nilirudishwa, na walionirudisha wote waliongea nami kwa upole.

Ya kwanza ilikuwa 2018, mtoto ana miezi mitatu. Nilienda kwetu na jicho limefunga. Mama alinikanda na maji ya moto na chumvi hakusema kitu. Baba alikaa nje mpaka giza likaingia, kisha akaja akasema, "Binti yangu, wale ng'ombe nilishauza nikalipa ada ya wadogo zako, wakija kuwadai nitawapa nini?" Asubuhi akanipakia nyuma ya baiskeli yake mwenyewe, mimi na mtoto, akanirudisha. Njia nzima aliniambia nivumilie, na alikuwa anaendesha polepole sana, kama mtu asiyetaka kufika.

Ya pili nilienda kwa LC1, baraza la kijiji. Wakatuita wote wawili, wazee wamekaa kwenye mabenchi, yeye akaomba msamaha vizuri mno kila mtu akafurahi, halafu wakasema na mimi niombe msamaha maana mwanamke pia mdomo. Nikaomba. Akanunua soda kreti moja wakanywa. Usiku ule sitausimulia.

Ya tatu polisi. Kituo sitakitaja. Afande aliyekuwa zamu aliniangalia shingoni akaona kabisa, akasema haya ni mambo ya nyumbani, mkaongee, na kama nataka ile fomu ya kwenda nayo kwa daktari niende kwanza nikatoe kopi kwa pesa yangu. Sikuwa na shilingi mia. Hiyo fomu, ile ya polisi namba 3, ni ya bure dada zangu, haiuzwi, mimi sikujua.

Halafu ikaja 2020. Machi shule zikafungwa, magari ya abiria yakasimama, bodaboda wakakatazwa kubeba watu, na kafyu ya saa moja jioni. Mpakani wakawa wanapita watu wa malori tu, na hao nao foleni ya siku na siku wakisubiri kupimwa. Kazi yake ikakauka. Kwa hiyo yule mtu aliyekuwa anatoka saa moja asubuhi anarudi saa mbili usiku sasa yuko ndani mchana kutwa kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, na mstari wa mafuta hachori tena mara moja, anachora baada ya kila sufuria. Watu walikuwa wanaogopa korona, mimi nilikuwa naogopa saa moja jioni, kwa sababu baada ya hapo ukipiga kelele hakuna jirani atakayetoka, akitoka anakamatwa. Mwezi wa tano alinivunja kidole hiki cha mwisho cha mkono wa kushoto, kwa mlango, na sikwenda popote, nilikifunga na kijiti na kitambaa, mpaka leo hakinyooki.

Kitu kilichonisaidia nasikia aibu vile ni kidogo. Kuna mama alikuwa anauza nyanya karibu na kwetu, mtu mzima, watoto wake wameshaolewa. Yeye nilikuwa naruhusiwa kwenda kwake kwa sababu ni karibu na nyanya lazima zinunuliwe. Siku moja napokea fungu langu la mia tano akanishika hiki kidole, hakuuliza imekuwaje. Alisema hivi, "Mwanangu, leo usitoke. Leo niletee tu kitu kimoja ambacho hutaki kibaki kule."

Nilishindwa kulala nikifikiria ni kitu gani. Kesho yake nikampelekea karatasi ya matokeo yangu ya S4, nimeikunja mara nne nimeiweka ndani ya kavera tupu niliyoenda kubebea nyanya. Akaiweka chini ya gunia alilokalia. Akanipa nyanya nikarudi ndani ya dakika zangu. Na niliporudi, yule mwanaume amekaa palepale kitandani, chupa ya mafuta ipo palepale, lakini mimi sehemu yangu moja ilikuwa imeshavuka. Siwezi kueleza nguvu niliyoipata siku ile.

Baada ya hapo kadi ya chanjo ya mtoto. Kitambulisho changu, maana kwa wakati huo kilishatoka. Suruali mbili za mtoto, moja moja. Sweta. Ndara zangu za akiba. Kikombe cha plastiki cha mtoto alichokuwa hawezi kunywa bila hicho. Kila mara fungu la nyanya lilirudi na mimi likiwa na nyanya moja pungufu, na pesa ya ile moja mama alikuwa ananiwekea, pamoja na pesa za kwake mwenyewe, naamini hivyo kwa sababu hesabu haikuweza kufika pale ilipofika kwa nyanya peke yake. Alinipa pia masharti. Usimwambie mtu hata mama yako. Usimjibu siku hizi, akisema jua ni jeusi mwambie ndio. Na siku ya kutoka usimuage na usigombane naye, kwa sababu wengi wameumizwa siku ile ile mwanaume aliyogundua wanaondoka. Hilo la mwisho nalirudia kwa kila msichana ninayeongea naye, ukishaamua, kaa kimya zaidi ya siku zote.

Oktoba 2020, bodaboda wameshafunguliwa, nikaenda kununua nyanya na mtoto mgongoni, na sikurudi. Ndani niliacha sufuria ya maharage motoni. Nilikuwa na elfu sabini na nane.

Nilikwenda Malaba, mji mwingine wa mpakani. Si mbali, mtu atasema mbona ni hapo tu, lakini kule sikuwa na mtu wa kunijua isipokuwa mtoto wa dada yake yule mama, aliyenipa kona kwenye chumba chake. Jioni ya kwanza akaniambia kaanga mayai tule. Nikashika chupa ya mafuta nikaigeuza. Nikaigeuza tena. Akaniuliza unatafuta nini. Nilikuwa natafuta mstari.

Hapa nataka kusema ukweli ambao wengi hatuusemi. Nilimkumbuka. Wiki ya pili, ya tatu, nilikuwa namkumbuka mpaka tumbo linauma, nakumbuka vile alivyokuwa anambeba mtoto begani, vile anavyoniita, ile harufu ya jaketi lake la pikipiki. Nikaomba simu ya mtu nikampigia. Akaitika "haloo" nikakata. Nikapiga tena nikakata. Siku ile yule dada niliyekuwa nakaa kwake alinikuta nalia, nikadhani atanitukana, akasema hata mtu aliyezoea pombe akiacha mwili unaiita, haina maana pombe ilikuwa nzuri. Kama uko kwenye hali hiyo sasa wewe si mjinga na hujarogwa. Pita nayo. Mimi ilinichukua kama mwaka.

Kazi nilianza ya kuosha vyombo kwa mtu wa chapati kando ya barabara ya malori. Miezi minne naosha huku naangalia mikono yake. Unga wa kilo mbili, maji ya uvuguvugu, chumvi, kamafuta kadogo, ukikanda haraka chapati inakuwa ngumu kama soli, lazima uuache unga upumzike, halafu unakata vidonge kama ishirini na kidogo. Alipoumwa malaria nikasimama mimi. Madereva hawakuona tofauti, wengine walisema leo ni laini zaidi. Nikaanza ya kwangu na sigiri ya kuazima na kikaango kimoja, chapati na roleksi, ile chapati ya kuviringishia mayai mawili, kabichi, nyanya, kitunguu. Januari 2022 kulikuwa na ule mgomo wa madereva, walikataa kulipia kupimwa korona, foleni ya malori ikaenda kilomita na kilomita upande wa Kenya na upande wetu petroli ikapanda watu wakalia. Mimi nilivuka na ndoo ya chapati kichwani nikatembea na ile foleni kutoka asubuhi mpaka jua linazama, narudi kukanda, natoka tena. Wiki zile ndizo zilizonipa mtaji wa kweli. Nikapanga chumba changu, nikanunua dumu la mafuta la lita ishirini, nikaliweka katikati ya chumba nikaliangalia.

Lakini kuna jambo lilinitisha kuliko yote na lilitokea nikiwa huru, kwa nyumba yangu, na funguo yangu. Mtoto alimwaga unga. Nilikuwa nimechoka, nikampiga, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Unaona vile umenifanya nifanye."

Nikakaa chini pale pale kwenye unga. Alikuwa na miaka minne. Alikuja akanifuta machozi.

Siku ile nilijua kutoka kwenye nyumba ya mtu ni kazi moja na kumtoa mtu yule ndani yako ni kazi nyingine, na hiyo ya pili hakuna mama wa nyanya wa kuniwekea. Nikaanza kwenda kwenye kikundi cha wanawake pale, ni kikundi cha akiba, tunaweka elfu mbili kwa wiki, ila baada ya kuhesabu pesa watu wanaongea. Niliyasema yale ya unga. Nilidhani watanishangaa, lakini wanne kati yetu walinyamaza kwa namna ninayoijua. Toka hapo nikikasirika natoka nje ya mlango kwanza, nashika ukuta. Sijampiga tena. Wakati mwingine namwambia "mama amekosea, si wewe", na hayo maneno mwanzoni yalikuwa magumu kutoka.

Ni kwenye kikundi hicho hicho alikuja dada mmoja aliyefundishwa mambo ya sheria, tukakaa chini ya mwembe, akatuambia Uganda ina sheria ya ukatili wa nyumbani tangu 2010, na haihesabu kipigo tu, kumnyima mtu pesa na kumtesa kwa maneno ni humo humo, na huhitaji kuwa na cheti cha ndoa. Akasema LC1 inaweza kusikiliza kesi kama hizi, lakini mtu akirudia au ikionekana atakuumiza tena wanatakiwa waipeleke polisi na mahakamani, si kunywa soda. Na la mahari ndilo lililonikata maini. Mahakama ya Juu Zaidi ilishaamua Agosti 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ni kinyume cha katiba, na kesi yenyewe waliipeleka MIFUMI, shirika la kutetea wanawake, watu wa hapahapa Tororo. 2015! Mimi baba alinirudisha kwa baiskeli 2018 kwa sababu ya ng'ombe ambao hakuna mtu alikuwa na haki ya kuwadai. Miaka mitatu hukumu ipo, na nyumbani kwetu hakuna aliyeisikia. Nililia kwa hasira siku ile kuliko siku nyingi za kupigwa. Tafadhali mwambieni baba yenu, mjomba, shangazi, hata kama nyumbani hakuna shida. Na namba 116 piga, haikati pesa, ni ya watoto lakini mambo ya kupigwa nyumbani pia wanasikiliza.

Baba alikuja mwaka jana. Alishuka kwa taksi akasimama mbali anaangalia, kofia mkononi. Nikamtengenezea roleksi, akala yote kimya. Halafu akasema, "Ile siku nilikurudisha... ulilala?" Nikamwambia hapana baba. Akasema, "Hata mimi." Akatoa elfu mbili akaweka juu ya meza kama mteja yeyote, nikakataa, akakataa kuichukua. Siku hizi akija analeta kuku kwa mjukuu wake. Mengine hatujaongea na sijui kama tutaongea.

Shule zilipofungwa 2020 na kukaa mpaka Januari 2022 ndio zinafunguliwa kwa wote, wasichana wengi hapa hawakurudi tena darasani. Nawaona sasa, wana miaka ishirini na kitu, mtoto mgongoni, wanakuja kununua chapati moja na pesa kamili iliyohesabiwa mkononi, wanaangalia njia walikotoka. Kuna mmoja alikuwa S2 walipofunga. Huyo hasalimii mtu. Miezi miwili iliyopita nilipompa chapati nikamwambia yale maneno ya yule mama, kwa sauti ya chini, na nikaendelea kukanda.

Hakunijibu. Siku nne baadaye aliacha kavera juu ya meza, nikaiweka chini pamoja na unga. Sijaifungua, si yangu. Jana ameleta viatu vya mtoto, kimoja asubuhi na kingine jioni.